POVU LA SABUNI MTONI: TUOGOPE NINI?



Mwezi uliopita mama mmoja alileta mtoto wake kwenye dispansere. Mtoto ana miaka 8, tumbo linamuuma, amekonda, na choo chake kina damu. Tulipima choo, tukaona mayai ya kichocho, ule ugonjwa wengi wanauita bilharziozi. Nilipomweleza, mama hakukubali. Alisema: «Munganga, si kichocho. Ni ile povu nyeupe chini ya daraja. Tangu tumeanza kufua na sabuni ya unga pale mtoni, watoto wanaogelea ndani ya povu, na samaki hatuwaoni tena.»

Nilimjibu kwamba amekosea. Usiku, nikiwa nyumbani, nilifikiri tena, nikaona amekosea nusu tu. Povu halikumpa mtoto kichocho. Lakini kati ya ile sabuni na kile kichocho iko njia, na njia hiyo haipiti katika povu. Inapita katika kitu kingine kilicho ndani ya sabuni, kitu kisichoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo habari ya leo.

Sabuni inafanya kazi namna gani?

Sabuni ya zamani, ile ya kipande, tunaijua wote. Ni mafuta ya ngazi yaliyopikwa pamoja na soda. (Akina mama wanaopika sabuni nyumbani: ile soda iwekwe juu sana, ndani ya chombo kilichofungwa, kamwe si katika chupa ya limonadi. Mtoto akiimeza, koo linaungua.) Sabuni ya unga ni kitu kingine. Sehemu kubwa ya dawa yake ya kusafisha inatoka katika petroli, imetengenezwa na watu wa kemia. Wanaiita deterjanti. Lakini zote mbili zina tabia moja: kila chembe ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unashika uchafu wa mafuta, kichwa kinauvuta ndani ya maji, na nguo inabaki safi.

Wale wanaofanya kazi konsantratere hawana haja ya kuelezwa sana. Kila siku wanaona povu likipanda juu ya selile likibeba unga wa shaba, na mawe yasiyo na faida yakibaki chini. Ni kazi ile ile ya kichwa na mkia. Kule Kolwezi, kwa majiwe ya malakiti, kwa miaka mingi walitumia hata mafuta ya ngazi yaliyogeuzwa kwa kemia. Basi jamaa wa konsantratere na bibi yake anayefua nyumbani wanafanya kazi ya ukoo mmoja, ingawa bibi halipwi.

Sasa tufikiri samaki. Samaki anapumua kwa matamvua yake, yale majani mekundu yaliyo chini ya mashavu. Matamvua yamefunikwa na ute mwembamba unaoyalinda. Deterjanti haijui kuchagua kati ya mafuta ya shati na ute wa samaki. Inauondoa, inaharibu ngozi laini iliyo chini yake, na samaki anakosa pumzi hali maji yapo. Kwa deterjanti nyingi za kufulia, miligramu chache tu katika litri moja ya maji zinatosha kuua samaki wa aina mbalimbali. Tufanye hesabu. Mama anatia gramu 30 za sabuni ya unga katika beseni. Tuseme katika kila gramu 100 za unga, gramu 15 ni deterjanti yenyewe. Hapo ana gramu 4.5, maana yake miligramu 4,500. Kama miligramu 5 katika litri ni mbaya kwa samaki, beseni lile moja linaweza kuharibu litri 900, yaani mapipa manne na nusu ya litri 200. Katika mto mkubwa wenye nguvu, kama Lualaba, hiyo si kitu. Lakini katika kijito cha kampi mwezi wa 9, wakati maji yanafika kwenye kifundo cha mguu na akina mama 30 wanafua asubuhi moja, ni jambo jingine kabisa.

Povu la milima

Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Baada ya vita ya pili ya dunia, deterjanti za petroli zilienea Ulaya na Marekani. Katika miaka ya 1950 watu wa kule walianza kuona mito yao ikifanya povu kama bia iliyomwagwa vibaya. Ujerumani, wakati wa kiangazi kikavu cha mwaka 1959, povu lilisimama kama milima mahali maji yanapoanguka, na upepo ulilipeperusha.

Sababu ilikuwa nini? Ndani ya mto na ndani ya udongo kuna vidudu vidogo sana vinavyokula uchafu. Si vidudu vyote ni adui. Hivi ni wafanyakazi wetu wasio na mshahara. Sabuni ya mafuta ya ngazi wanaila haraka. Lakini ile deterjanti ya kwanza ilikuwa na mkia wenye matawi mengi, kama kichaka cha miiba. Kidudu hakipati mahali pa kuanza kuuma. Basi deterjanti ilipita katika viwanda vya kusafisha maji machafu bila kuguswa, ikaingia mtoni, ikafika hata katika maji ya kunywa.

Wajerumani walifanya sheria mwaka 1961, na kuanzia mwaka 1964 sheria ile ilidai kwamba deterjanti iweze kuliwa na vidudu kwa asilimia 80. Watengenezaji walibadilisha ule mkia. Badala ya kichaka wakatia mnyororo ulionyooka, kama muwa, ambao kidudu kinautafuna tangu ncha mpaka mwisho. Marekani viwanda vilifanya badiliko hilo mwaka 1965. Milima ya povu ikashuka.

Lakini tusidhani kwamba povu limekwisha duniani. Mwezi wa 11, mwaka 2021, mjini Delhi, India, waamini wa sikukuu ya Chhath waliingia katika mto Yamuna kuabudu wakisimama katikati ya povu jeupe mpaka kiunoni. Deterjanti ya siku hizi inaliwa na vidudu, ni kweli, lakini vidudu vinahitaji muda na vinahitaji pumzi. Mji ukimwaga maji yake machafu moja kwa moja mtoni bila kuyasafisha, mto unachoka.

Hapa niseme neno kwa madereva na makanika. Nawaona siku ya mungu, kamio imeingizwa mtoni mpaka magurudumu, boyi anamwaga sabuni juu ya moteri, na mafuta meusi yanapotea. Wanasema: «Tazama, sabuni imemaliza mafuta.» Haikumaliza kitu. Imeyavunja vipande vidogo sana na kuyatia ndani ya maji, pale samaki alipo. Waingereza walijifunza hivyo kwa bei kali. Tarehe 18 Machi 1967 meli Torrey Canyon, iliyobeba karibu tani 119,000 za petroli, iligonga mwamba karibu na pwani ya Cornwall. Walitaka kusafisha mahali watu wanapostarehe, wakamwaga karibu tani 10,000 za deterjanti baharini na juu ya mawe ya pwani. Ilikuwa deterjanti ya viwanda, kali kuliko yetu ya kufulia. Wataalamu wa bahari wa Plymouth walipochunguza, waliona kwamba dawa ile iliua konokono na kaa wa mawe kuliko petroli yenyewe. Pale palipoachwa bila kumwagiwa, wanyama wengi waliishi. Kamio ioshwe juu ya kokoto au saruji, mbali na maji, na mafuta ya moteri yaende katika pipa lake.

Kile kisichoonekana

Sasa turudi kwa mtoto wetu wa kichocho.

Maji yetu mengi ya Katanga yanatoka katika mawe ya chokaa. Tazama birika lako: ndani limeshika magaga meupe. Maji ya namna hii yanapigana na sabuni; unasugua, povu halitoki, inabaki takataka ya kijivu. Watu wa kemia, ili kuifunga ile chokaa, walitia katika sabuni ya unga kitu kinachoitwa fosfati. Kilifanya kazi vizuri mno. Ubaya ni kwamba fosfati ni chakula cha mimea. Ni ndugu wa mbolea ya mahindi. Majani ya majini na ule ukijani unaofunika maji yaliyotulia (wataalamu wanauita mwani) yana njaa ya fosfati siku zote, kwani kwa kawaida ni kidogo mtoni. Ukimwaga fosfati, unawaita mezani.

Ziwa Erie, kati ya Marekani na Kanada, liligeuka hivyo katika miaka ya 1960. Mwani ulijaa, ukafa, ukaoza chini, na vidudu vya kuozesha vikatumia pumzi yote ya maji. Watu wa viwanda vya sabuni walibisha, wakisema kosa si la fosfati. Hapo mtaalamu mmoja wa Kanada, David Schindler, alifanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulielewa. Mwaka 1973 alichukua ziwa dogo la Ontario lenye kiuno chembamba katikati, akaligawa mara mbili kwa pazia la plastiki. Upande mmoja alitia sukari na nitrojeni. Upande wa pili alitia vile vile, akaongeza fosfati. Upande wa kwanza ulibaki maji. Upande wa fosfati uligeuka kijani ndani ya wiki chache, na picha yake iliyopigwa kutoka angani ilizunguka dunia. Mabishano hayakwisha siku ile, lakini yalipungua nguvu. Uswisi walikataza fosfati katika sabuni ya kufulia nguo mwaka 1986. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka mpaka mkali kwa sabuni za nyumbani tangu mwezi wa 6, mwaka 2013.

Na sisi? Sabuni za unga katika masoko yetu zinatoka pande nyingi, nyingine kwa njia ya Kasumbalesa, na pakiti nyingine haina hata mstari mmoja unaosema ndani yake kuna nini. Kama neno «phosphates» limeandikwa, limo. Kama halikuandikwa, usiape kwamba halimo.

Basi fuateni njia. Fosfati inaingia kijitoni. Majani ya majini na mwani vinaongezeka, zaidi pale maji yanapotulia, na pale pale ndipo akina mama wanafua, kwa sababu jiwe ni zuri na maji hayakimbii. Konokono wadogo wa maji wanakula mwani na kukaa juu ya majani. Na kichocho hakiwezi kuishi bila konokono hao: kinatoka katika choo cha mgonjwa, kinaingia katika konokono, kinakua humo, kisha kinatoka na kuogelea kutafuta ngozi ya mtu. Kinapenya ngozi kwa dakika chache, bila kidonda, bila maumivu makubwa. Mtoto anayerusha povu pamoja na wenzake hajui kitu.

Katika bonde la mto Senegali wataalamu walichunguza jambo hili kwa kazi ya mikono. Walitoa majani ya majini mahali watu wa vijiji wanapoteka maji na kufua. Habari yao ilitoka mwaka 2023: pale walipotoa majani, konokono walipungua, na watoto waliokwisha kutibiwa waliambukizwa tena kwa uchache kuliko watoto wa vijiji vingine. Kule majani yalinenepa kwa mbolea ya mashamba, si kwa sabuni tu. Lakini jani halijui kama fosfati yake inatoka shambani au katika beseni.

Ndiyo maana nasema yule mama alikosea nusu. Povu alilolitazama kwa hasira lilikuwa la kupita. Saa mbili baadaye halipo. Kilichobaki ni yale majani mazuri ya kijani pembeni ya jiwe lake, na hayo hakuyaogopa.

Niongeze kwamba si kila povu ni la sabuni. Mvua za kwanza zikianguka, utaona povu la rangi ya chai linalonuka udongo. Hilo linatoka katika majani makavu yaliyooza. Povu la sabuni ni jeupe, mara nyingi linanukia manukato, na linaonekana asubuhi za kufua, chini ya mahali watu wanapofulia.

Na maji yaliyogeuka kijani kama rangi ya kupaka nyumba, mama asiyateke hata kidogo. Aina nyingine za mwani zina sumu inayoshika ini. Mwezi wa 8, mwaka 2014, mji wa Toledo, pembeni ya lile Ziwa Erie, uliwaambia watu karibu 500,000 wasinywe maji ya robine kwa siku mbili hivi, kwa sababu ya sumu hiyo. (Wakati huo fosfati ya ziwa ilitoka zaidi mashambani.) Waliambiwa pia wasiyachemshe. Kuchemsha kunaua vidudu vya kolera na vya kuhara, na tunawaomba mchemshe siku zote. Lakini sumu ya mwani haifi motoni, na maji yakipungua katika sufuria sumu inazidi ukali.

Neno juu ya maji ya mgodi

Wengine watanicheka: «Munganga anatusumbua kwa beseni la mama, na maji ya viwanda je?» Ni swali la haki, nisilikwepe. Katika mito mingi ya hapa kwetu, sabuni si mkosaji wa kwanza. Shaba na kobalti viko ndani ya maji na udongo. Mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo, na watoto walizidi wakubwa. Kazi ya kuzuia maji ya kiwanda ni ya wakubwa wa kazi, na kila mfanyakazi anayeona bomba limepasuka au bwawa la matope linavuja ana haki ya kuliandika katika kitabu cha usalama. Lakini shaba nayo inashambulia yale yale matamvua ya samaki. Samaki aliyekwisha kuchoshwa na shaba hahitaji sabuni nyingi ili afe.

Na hapa beseni na mgodi vinakutana: nguo ya kazi. Salopeti ya mfanyakazi imejaa unga wa majiwe. Bibi akiifua kijitoni, unga wote unabaki pale watoto wanapooga. Kama kazini kuna mahali pa kufulia, salopeti isipande basi kurudi nyumbani. Kama hapana, ifuliwe peke yake, katika beseni lake, kamwe pamoja na nguo za mtoto mchanga. Wala isipigwe-pigwe ukutani ikiwa kavu.

Tufanye nini?

Siwaambii muache sabuni. Mtu anayesema hivyo hajawahi kufua salopeti. Mikono isiyooshwa kwa sabuni inaua watoto wengi kuliko povu lolote.

Jambo la kwanza, na kubwa kuliko mengine, ni mahali pa kumwaga. Maji yatoke mtoni yaende katika beseni. Beseni lisirudi mtoni. Fulieni juu, hatua 30 au zaidi kutoka kwenye maji, na mbali vile vile na kisima. Mwageni juu ya udongo wenye majani, au katika shimo lililojazwa mawe. Bahati yetu ni ule udongo wetu mwekundu: wekundu wake ni chuma, kama kutu, na chuma kinakamata fosfati kwa nguvu. Wakulima wanalia kwa sababu hiyo, maana mbolea yao inafungwa. Kwa ajili ya mto ni faida. Vidudu vya udongo vinamaliza deterjanti. Lakini msimwage siku zote mahali pamoja mpaka pawe matope, wala katika mfereji unaoshuka mtoni. Wakati wa mvua kubwa hata shimo linafurika, basi lichimbwe kina.

Najua kubeba maji hatua 30 ni kazi. Hapo nawatazama akina baba. Ndoo mbili kabla ya kwenda kazini hazivunji mgongo wa mtu anayesukuma brueti siku nzima.

Jambo la pili ni kipimo. Povu si nguvu ya sabuni. Ukiona beseni limejaa povu mpaka linamwagika, umepoteza pesa, tena utasuuza mara tatu. Kwa beseni la litri 10 anza na kijiko kimoja cha mezani, roweka nguo nusu saa, sugua kola na magoti kwa sabuni ya kipande. Ngozi ya mikono itakushukuru pia: wengi wa akina mama wanaokuja kwangu na vidole vilivyopasuka hawana ugonjwa mwingine ila sabuni nyingi.

Mahali pa kutekea maji, vijana waondoe majani ya majini mara kwa mara, wakivaa buti ndefu za mpira zilizo nzima, kwani ndani ya maji yale kichocho kipo. Majani yaachwe yakauke mbali na ukingo.

Yule mtoto tulimpa vidonge vya prazikwanteli, kwa kipimo cha uzito wake, naye anaendelea vizuri. Kidonge kinaua minyoo ya leo. Hakimzuii kuambukizwa tena akirudi pale pale kesho. Mama yake sasa anafua nyuma ya nyumba. Watoto wengine watatu wanaocheza naye kwenye jiwe lile hawajaletwa bado. Kila mtoto anayeogelea kijitoni, akiumwa tumbo au asiumwe, aletwe dispansere asubuhi na choo kidogo ndani ya kikopo safi chenye kifuniko, kilichopatikana siku ile ile. Kikopo kisioshwe kwa sabuni ya unga, kioshwe kwa maji ya moto tu.